Uzi Mnene Si Sauti Nene

Muhula uliopita, Alhamisi moja jioni, niliingia mazoezini nikiwa nimebadilisha nyuzi za gitaa la besi. Nilikuwa nimeondoa zile nene ambazo bendi yetu ya wanafunzi imezitumia tangu kabla sijafika chuoni, nikafunga nyingine za aina hiyohiyo, yaani nyuzi bapa, ila hizi zilikuwa nyembamba zaidi. Sikumwambia mtu. Tulipiga nyimbo tatu nzima na hakuna aliyelalamika. Mpiga ngoma hata alininyooshea fimbo yake juu, kama afanyavyo anapofurahi. Kabla ya wimbo wa nne, kiongozi wetu alipita karibu nami akichomeka waya wa maikrofoni, akatupa jicho kwenye kichwa cha gitaa, akaona kwamba hariri iliyozungushiwa ncha za nyuzi si ya rangi aliyoizoea. Akauliza. Nikamjibu. Hapo ndipo aliposema mbele ya wote: "Ndiyo maana tangu tuanze naona besi haina nguvu. Hizo ni nyuzi za wasichana. Dada, asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa mtu akichekwa peke yake huona afadhali ajiunge. Lakini usiku ule sikulala upesi. Nilijiuliza swali moja ambalo naomba wasomaji wangu nanyi mjiulize: ikiwa besi haikuwa na nguvu tangu tuanze, kwa nini hakuna aliyesema neno katika nyimbo tatu, mpaka macho yalipoona rangi ya hariri? Yeye hakuzisikia nyuzi zangu, aliziona. Akaihukumu sauti kwa macho.

Insha hii ni jibu langu kwa kicheko kile. Hoja yangu ni kwamba imani iliyoenea miongoni mwa wapigaji, kwamba besi ya kweli hupigwa kwa nyuzi nene na kwamba anayetumia nyembamba ni dhaifu au mwanagenzi, ni imani isiyo na msingi. Haina msingi katika elimu ya sauti, haina msingi katika historia ya chombo chenyewe, na hapa kwetu inawafukuza watu kwenye muziki. Nitaieleza kwa utaratibu, nikianza na nyuzi zenyewe, kwa kuwa najua wengi wenu mnasoma lugha na fasihi na huenda hamjawahi kushika besi.

Gitaa la besi la kawaida lina nyuzi nne. Kila uzi una kiini cha chuma, na juu ya kiini hicho huzungushiwa waya mwingine ili uzi uwe mzito. Ikiwa waya huo ni wa duara, uzi huwa na mikunjo unayoihisi kwa kidole, kama skrubu. Sauti yake hung'aa na hukwaruza kidogo. Ikiwa kinachozungushwa ni utepe bapa, uzi huwa laini kama msumari, na sauti yake hutulia, haina makelele ya vidole vinavyoteleza. Hizi za pili ndizo ninazoziita nyuzi bapa. Leo Fender alipotoa besi yake ya kwanza ya umeme huko Marekani mwaka 1951, nyuzi bapa ndizo zilizokuwa kawaida. Zile za waya wa duara zilishika kasi katika miaka ya 1960, wapigaji wa roki walipotaka besi yenye makali. Nyuzi bapa hazikufa. Ndizo zinazosikika katika rekodi nyingi za zamani ambazo wazazi wetu walizipenda bila kujua zimepigwa kwa nini.

Unene wa nyuzi hupimwa kwa sehemu za elfu za inchi. Nyuzi nilizozikuta kwenye besi ya bendi zilikuwa za 0.052 kwa ule mwembamba kuliko yote hadi 0.110 kwa ule mnene kuliko yote. Nilizozifunga mimi ni za 0.045 hadi 0.100. Kwa macho tofauti hiyo ni ndogo sana. Ukiziweka sambamba juu ya meza, mtu asiyejua hatazitofautisha. Kwa mkono, tofauti ni kubwa, na sababu yake nitaieleza hivi punde.

Sasa nije kwenye lugha, kwa maana naamini kosa lote linaanzia hapo, na ndiyo sababu nimeona insha hii inafaa mkusanyiko wa wanafunzi wa Kiswahili. Katika lugha yetu sauti ya chini huitwa sauti nene, na sauti ya juu huitwa sauti nyembamba. Ni istiari nzuri. Babu mwenye sauti nene na mtoto mwenye sauti nyembamba, sote tunaelewa. Lakini angalia istiari hiyo inavyofanya kazi kichwani mwa mpiga gitaa. Anataka sauti nene, basi anatafuta uzi mnene. Anaogopa sauti nyembamba, basi anaukimbia uzi mwembamba. Neno moja limebeba maana mbili, na yeye amezifanya kitu kimoja. Kiongozi wetu aliposema besi haina nguvu, nadhani hakuwa akidanganya. Aliona wembamba kwa macho, na lugha ikamkamilishia wembamba masikioni.

Ukweli wa mambo uliandikwa zamani. Mtawa mmoja wa Ufaransa aitwaye Marin Mersenne, katika kitabu alichokitoa mwaka 1636, alieleza kwamba mlio wa uzi hutegemea mambo matatu: urefu wake, mkazo wake na uzito wake. Uzi ukiwa mrefu, mlio hushuka. Ukikazwa, mlio hupanda. Ukiwa mzito, mlio hushuka. Sasa, katika besi urefu haubadiliki, maana umeshawekwa na aliyeunda gitaa. Noti nayo haibadiliki, kwa sababu bendi nzima lazima iwe kwenye ufunguo mmoja. Uzi wa nne wa besi, ule wa E, ukiwa wazi hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde. Ukifunga uzi wa 0.110 utautuni mpaka ufike 41. Ukifunga uzi wa 0.100 utautuni mpaka ufike 41. Hakuna siku uzi mnene utakupa 38 kwa sababu ya unene wake, wala mwembamba kukupa 45. Kinachobadilika ni mkazo peke yake. Uzi mwembamba ni mwepesi, kwa hiyo hufika kwenye noti ileile kwa mkazo mdogo zaidi.

Ni mdogo kiasi gani? Kwa nyuzi za utengenezaji wa namna moja, uzito hufuata mraba wa unene. Chukua 100, ugawe kwa 110, kisha jawabu ulizidishe kwa lenyewe: unapata takriban 0.83. Yaani uzi wangu wa E unavutwa kwa nguvu iliyopungua kwa karibu asilimia 17. Kwa ule wa G, kutoka 0.052 hadi 0.045, nguvu inapungua kwa asilimia 25. Mtu asiniambie kwamba robo nzima ya mzigo ni jambo la hisia za msichana. Mwambieni mbeba mizigo wa Owino kwamba gunia limepunguzwa robo, mtazame kama hatakushukuru.

Wanaopiga besi watanikatiza hapa na kusema, "Sawa, noti ni ileile, lakini uzi mnene una ujazo." Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Ni kweli kwamba uzi mnene una chuma kingi kinachotikisika mbele ya sumaku za gitaa, kwa hiyo hutoa mawimbi yenye nguvu kidogo zaidi. Ni kweli pia kwamba hauyumbi sana, na mpigaji mwenye mkono mzito anaweza kuupiga kwa hasira bila kuufanya ugonge freti. Na kama bendi yako hushusha nyuzi hadi D, uzi mnene utabaki umekaza wakati mwembamba unalegea. Hayo nayakubali yote. Ila nguvu kidogo inayopotea ndiyo ileile ambayo kitufe cha amplifaya kiliwekwa kuirudisha. Nilikizungusha kidogo tu Alhamisi ile, na nyimbo tatu zikapita.

Tena tuseme ukweli kuhusu spika zetu. Mtetemo wa mara 41 kwa sekunde ni mgumu sana kutolewa na spika. Zile za ukumbini kwetu, na za makanisa mengi na harusi nyingi tunakopiga, hazifiki huko vizuri. Tunachokisikia kwa uwazi katika uzi wa E ni mlio wake wa pili, wa 82, na ule wa tatu, wa 123, kisha akili ya binadamu inakamilisha yenyewe kile kisichosikika. Kwa hiyo ubora wa besi ukumbini unategemea sana milio hiyo ya juu kuwa safi. Na hapo uzi mnene una udhaifu ambao hakuna anayeutaja: kadiri unavyokuwa mnene na mgumu ndivyo milio yake ya juu inavyopotoka kutoka mahali pake. Piga uzi wa 0.110 kwenye freti ya 10 au ya 12 usikie. Mara nyingi ni mshindo tu, noti huijui. Uzi mwembamba unaopinda kwa urahisi husema jina lake.

Silaha ya pili ya wapinzani wangu ni jina la mtu. Kila nikibishana nao, James Jamerson huletwa mezani kama vile hati ya mahakama. Nami nampenda Jamerson. Alikuwa mpiga besi wa Motown huko Detroit, na katika miaka ya 1960 alipiga kwenye nyimbo nyingi mno zilizotikisa dunia. Ni kweli alitumia nyuzi bapa nene, zenye vipimo vilevile nilivyovikuta kwenye besi ya bendi yetu, na inajulikana kwamba hakuwa akizibadilisha. Lakini wanaomtaja huacha nusu ya habari. Jamerson alianza na ile besi kubwa ya mbao inayopigwa kwa kusimama. Mikono yake ilikomazwa na chombo ambacho nyuzi zake hukaa juu na hudai nguvu nyingi, kisha akahamia kwenye gitaa la umeme akiwa na mikono ile. Kwake nyuzi nene zilikuwa nafuu. Tena alipiga kwa kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, cha shahada. Mbona hao wanaoniambia nifunge nyuzi za Jamerson hawafungi vidole vyao vitatu ili wapige kwa kimoja?

Na kwa nini tumtaje yeye peke yake? Carol Kaye, mwanamke aliyepiga besi kwenye rekodi zisizohesabika huko Los Angeles katika miaka hiyohiyo, alipiga kwa kibao badala ya vidole. Paul McCartney wa Beatles alipata umaarufu akiwa na besi ndogo ya Höfner, ambayo shingo yake ni fupi kuliko ya Fender, na kwa sababu ya ufupi huo nyuzi zake hazihitaji mkazo mkubwa ili kufika kwenye noti. Wote hao walitumia nyuzi bapa. Hakuna aliyepiga kama mwenzake. Wahenga walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Hawakusema kila ndege aazime ubawa wa tai.

Nimetaja mikono, na hapa ndipo ninapotaka wasomaji wanisikilize kwa makini, kwa sababu ndipo jambo hili linapoacha kuwa ubishi wa wapenzi wa magitaa. Mimi ni mtu wa Pakwach. Mkono wangu ni mdogo. Nikiutandaza kwenye freti ya kwanza, kidole changu cha mwisho hufika ya tatu kwa shida. Kwa mwaka mzima nilipiga nyuzi za 0.110 na nikavumilia. Tulipokuwa tukipiga rumba, na wimbo ukifika kwenye seben ambapo magitaa huchangamka na wachezaji hawataki liishe, nilikuwa nikihesabu dakika. Baadaye maumivu yalianza kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, yakapanda kwenye mshipa wa mkono. Kuna Jumamosi nilishindwa kukamua nguo nilizofua, na mwenzangu wa chumbani akanikamulia. Muuguzi aliyeniona aliuliza ninafanya kazi gani. Nilipomweleza, alisema nipumzike, na nikirudi nipunguze mzigo. Nilimweleza kiongozi wetu. Jibu lake lilikuwa kwamba vidole hukomaa, nivumilie.

Mimi nilivumilia. Kuna aliyekuja baada yangu, binti wa mwaka wa kwanza, mwenye sikio zuri kuliko langu. Alisikia wimbo mara moja akaweza kuimba mstari wa besi kwa mdomo, noti kwa noti. Tulimpa besi ile yenye nyuzi zile. Wiki ya kwanza alikuja na plasta kwenye vidole. Wiki ya pili aliambiwa, kwa utani, kwamba besi ni chombo cha wanaume. Wiki ya tatu hakuja. Nilipomuuliza alisema, "Nadhani mikono yangu si ya besi." Nilikaa kimya. Huo ndio ukimya ninaoujutia, maana nilikuwa nikijua, kwa maumivu yangu mwenyewe, kwamba mikono yake haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika nyuzi ambazo zingeweza kubadilishwa kwa nusu saa. Tulimpoteza mpigaji kwa sababu ya sehemu kumi za elfu za inchi.

Nyumbani kwetu jambo kama hili lingechekesha. Sisi Waaluri tuna adungu, kinubi chenye tumbo la mti lililowambwa ngozi na shingo iliyopinda kama upinde. Kuna adungu ndogo inayopakatwa, na kuna kubwa inayopiga besi. Mjomba wangu hupiga hiyo kubwa. Nyuzi zake siku hizi ni za nailoni, kama za kuvulia samaki, na ukiziona utashangaa kwamba sauti ile nzito inatoka humo. Sauti inatoka katika urefu wa uzi, katika ulegevu wake na katika ukubwa wa lile tumbo. Mjomba akitaka noti ishuke, huzungusha kigingi akaulegeza uzi. Akimfundisha mtoto, humpa adungu inayolingana na mikono ya mtoto. Sijawahi kumsikia akimwambia mtoto avumilie kubwa mpaka akomae. Mwalimu anayejua kazi yake huanza na mwanafunzi aliye mbele yake.

Naomba nisieleweke vibaya kwamba kubadilisha nyuzi ni kama kubadilisha shati. Hapa nina kosa langu la kukiri, na nalikiri kwa sababu ndilo linalowapa wapinzani wangu ushahidi wao wa uongo. Usiku nilipofunga nyuzi mpya kule hosteli, besi ilikoroma. Kila noti ya freti za mwanzo ilivuma kama nyuki ndani ya chupa. Nilikaribia kulia. Nikadhani walisema kweli, nyembamba hazifai. Kesho yake nilipeleka gitaa kwa fundi mjini, naye akacheka, lakini kicheko cha upole. Alinieleza kwamba nyuzi nne za besi huivuta shingo kwa nguvu inayokaribia uzito wa mtu mzima, na ndani ya shingo mmefichwa fimbo ya chuma inayoivuta upande wa pili ili isipinde. Fimbo ile ilikuwa imekazwa kwa ajili ya nyuzi nene. Nilipopunguza mvuto wa mbele bila kugusa wa nyuma, shingo ikarudi nyuma, na nyuzi zikalalia freti. Akailegeza fimbo robo ya mzunguko, akangoja, akapima tena. Akainua nyuzi kidogo pale kwenye daraja, akasogeza vikalio vyake mpaka noti ya freti ya 12 ikakubaliana na ya uzi ulio wazi. Besi ikanyamaza kukoroma. Kazi nzima haikumaliza saa moja.

Kwa hiyo anayetaka kubadilisha na asikie: usipime nyuzi nyembamba kwenye shingo iliyorekebishwa kwa nyuzi nene. Wengi hufanya hivyo, wakasikia mkoromo, wakazitupa, kisha wakaenda kutangaza kwamba wamejaribu. Hawakujaribu. Ni sawa na mtu anayevaa miwani ya babu yake akasema vitabu vimeandikwa vibaya. Tena usikate ncha ya uzi bapa kabla ya kuukunja kwenye kigingi, kwa sababu utepe unaweza kufumuka na uzi ukafa kabla haujapigwa. Na mwisho, legeza mkono. Nyuzi nyembamba hazitaki kuchapwa. Kwa wiki mbili za kwanza nilizipiga kwa nguvu za zamani nikazifanya zigonge freti. Nilipojifunza kugusa badala ya kupigana, sauti ilijaa.

Kuna wanaouliza kwa nini sikuchagua tu nyuzi za waya wa duara, ambazo ni rahisi kupatikana na ni za bei nafuu. Jibu ni la mfuko. Nyuzi za duara hushika jasho na uchafu katika mikunjo yake, na baada ya wiki kadhaa hufifia. Ndiyo maana tunawaona wenzetu wakizichemsha kwenye sufuria ili zifufuke siku mbili tatu. Tena mikunjo ile husaga freti, na kubadilisha freti ni gharama ambayo mwanafunzi haiwezi. Nyuzi bapa hukaa miaka. Bei ya seti moja ilikula pesa zangu za chakula kwa wiki kadhaa, na nilikula posho na maharage bila kunung'unika, kwa sababu nilijua sitanunua tena mpaka nihitimu. Ila nyuzi bapa zina tabia moja: kwa unene uleule, mara nyingi huwa ngumu zaidi mkononi kuliko za duara, kwa kuwa utepe hujaza nafasi ambayo waya wa duara huiacha wazi. Kwa hiyo mwenye mkono mdogo anayetaka utulivu wa nyuzi bapa ana kila sababu ya kushuka unene. Sikuchagua wepesi kwa uvivu. Nilichagua aina ya uzi kwa sikio, na unene kwa mkono.

Narudi kwa kiongozi wetu na methali yake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo ni ya kweli pale ambapo mkuu anasema kwa kujua. Lakini ukimuuliza mkuu kwa nini, naye hana jibu ila "ndivyo tulivyokuta", hapo methali imegeuzwa fimbo. Sisi tunaosoma Kiswahili tunajua kwamba methali nyingine ipo daima upande wa pili: akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kazi yetu darasani si kuchagua methali inayotuokoa na hoja. Tukiulizwa sababu, tutoe sababu.

Nawaambia pia wahadhiri wetu, kwa heshima, kwamba mchezo huu haupo kwenye bendi pekee. Mara ngapi mwanafunzi husifiwa kwa insha yenye maneno mazito, nene kama nyuzi za 0.110, ambayo hakuna aliyeielewa? Na mara ngapi aliyeandika kwa wepesi akaambiwa insha yake haina uzito? Tumeipa uzito heshima ambayo haijaifanyia kazi. Sisemi wepesi ni bora kila mara. Nasema tusikilize kwanza, kisha tuhukumu.

Ninalolitaka si kubwa. Sitaki bendi yote igeuke kwa ajili yangu, wala sitaki mwenye mikono ya Jamerson aache nyuzi za Jamerson. Nataka mambo mawili. Kwanza, besi ya bendi, ambayo ilinunuliwa kwa michango ya wote, isifungwe tena nyuzi kwa kiburi cha mtu mmoja. Anayekuja kujifunza apewe nyuzi ambazo mkono wake unaziweza, kisha apande mwenyewe akipenda. Pili, anayedai kwamba nyuzi nyembamba hazina nguvu akubali jaribio jepesi: ageukie ukuta, apigiwe wimbo mmoja kwa nyuzi hizi na mwingine kwa nyuzi zile, kila gitaa likiwa limerekebishwa ipasavyo na sauti imesawazishwa, aseme ipi ni ipi. Nimemwomba kiongozi wetu jaribio hilo mara mbili. Bado ana shughuli.

Wakati huo mimi naendelea kupiga. Mkono wangu haujauma tangu Februari. Wiki iliyopita nilikutana na yule binti kwenye foleni ya maktaba, nikamwambia kwamba besi imebadilishwa nyuzi na kwamba Alhamisi tunaanza saa kumi na moja. Akaniuliza kama bado atachekwa. Nikamwambia ukweli: huenda. Halafu nikamwambia aje hivyohivyo, nitakuwa nimesimama karibu naye, na safari hii sitacheka nao.